Mifereji ya Marehemu

"Shusha tena," alisema Injinia Turki. "Fundo moja tu, taratibu."

Nikailegeza kamba. Kopo likagonga bomba la pampu, likagonga ukuta wa kisima, kisha likatulia. Lilikuwa kopo jembamba alilolitengeneza mwenyewe kwa kipande cha bomba la plastiki. Chini alilitia kizibo cha mpira kinachofunguka likishuka na kujifunga likivutwa, ili maji ya kina unachokitaka yaje juu bila ya kuchanganyika na mengine. Nikavuta. Akayamimina kwenye bilauri, akachovya kipimo chake cha chumvi, akangoja. Kisha akainama, akaandika kwa chaki juu ya sakafu ya saruji, chini ya nambari nyengine alizokwisha kuziandika tokea asubuhi.

Nambari zilikuwa zinapanda kila tulivyoshuka. Hilo tulilitarajia. Tusilolitarajia ni kwamba hata ile ya mwanzo kabisa, ya maji ya juu yanayokutana na hewa, ilikuwa kubwa.

"Bado kuna tamaa?" nilimuuliza.

"Shusha tena," alisema.

Tulikuwa Nungwi, nyuma ya kijiji, mahali ambapo mawe yametokeza juu ya ardhi na hakuoti ila vichaka. Pampu tulikuwa tumeizima, na watu waliokuja kuteka walikuwa wamezipanga ndoo zao mstari mmoja mpaka kwenye kivuli cha tangi, wakakaa kungojea. Mbele ya wote alikuwa Bi Wanu, mwanamke wa makamo, ameipindua ndoo yake na kuifanya kiti.

"Injinia," aliita.

"Naam."

"Mnachota tokea asubuhi na hamjajaza hata birika. Mnayapima maji au mnayachumbia?"

Watu wakacheka. Injinia Turki naye akatabasamu kidogo, macho yakiwa kwenye kipimo.

"Tunayapima, Bi Wanu."

"Basi onja, tujue moja. Injinia gani haonji maji?"

"Nimezoea vibaya, mama. Huko nilikokuwa, maji hayaonjwi."

Kisima kile ni sadaka jariya, isiyokatika thawabu zake, aliyowekewa mama yake Injinia Turki, marehemu Bi Amne. Bi Amne alizaliwa Nungwi akaolewa mjini, Kiponda, katika nyumba ya ghorofa ambayo wanawe wawili wanaishi mpaka leo, Injinia Turki juu na dada yake mkubwa, Bi Ruqaya, chini. Bi Amne alipokuwa mtoto, watoto wa kike wa huku waliteremka mapangoni kufuata maji, mtungi kichwani na kuti linalowaka mkononi, na mara moja aliteleza akavunjika mkono ambao haukunyooka tena. Alipokufa, Bi Ruqaya alisema hatamjengea kitu chengine ila kisima, na kitakuwa kwao, ili thawabu zimfikie mama yao kila mara mtoto wa kike atakapoteka maji bila ya kuteremka shimoni.

Mwanzo kulikuwa na mfereji mmoja, koki tu ya kutekea, na pampu ndogo. Kisha akafa baba yao, na Bi Ruqaya hakuona vyema mume asiwe na fungu mahali alipo mkewe. Akamtilia mfereji wake. Akafuata shangazi, Bi Maisara, naye akapata mfereji na tangi. Jamaa wa Maskati waliposikia wakaleta vyao, kila mmoja kwa maiti wake. Kila mfereji uliandikwa jina ukutani kwa rangi ya kijani. Mifereji ilipozidi, maji yakawa yanatoka kidogo kidogo, kwa hiyo alipokufa binamu yao Shamsi wanawe wakaleta pampu kubwa, na kisima kikachimbwa zaidi ili kuitosha. Kila msiba katika ukoo ule uliishia Nungwi.

Sharti la Bi Ruqaya lilikuwa moja: pasitiwe kufuli, wala asirudishwe mtu. Machano, mtunzaji wa kisima, alilishika sharti hilo kama anavyoishika sala yake. Hata magari ya maji yanayopeleka kwenye nyumba za wageni yalipoanza kuja, hakuyarudisha. Niliwahi kumuuliza, akanijibu kuwa dereva naye ni mja wa Mungu aliyekuja na ndoo, isipokuwa ndoo yake ni kubwa.

Mimi ni fundi wa pampu. Jina langu Ubwa, na nina kibanda cha kazi Mlandege, mjini. Sikusomea. Nilijifunza kwa kuzifungua zilizokufa na kutazama kilichoziua. Injinia Turki alikuja kwangu siku moja kutafuta mpira wa pampu ya nyumbani kwao, akakaa mpaka jioni, na tokea hapo tukawa tunakwenda pamoja kila anapoitwa kutazama kisima cha msikiti au cha mtu. Yeye ndiye aliyenieleza kuwa chini ya kisiwa chetu maji matamu hayakukaa katika mto wala ziwa, bali yameelea ndani ya mawe juu ya maji ya bahari, kama samli juu ya mchuzi. Ukiyachota kwa upole, mvua inakurudishia. Ukiyavuta kwa nguvu, au ukachimba chini zaidi ukidhani ndiko yaliko mengi, bahari inapanda.

Yeye mwenyewe alisomea uhandisi wa metali, elimu ya kuitoa shaba au dhahabu ndani ya jiwe. Aliondoka Unguja akiwa kijana, akasoma nchi ya baridi, kisha akafanya kazi bara, kwenye migodi ya upande wa ziwa, akaenda kwenye shaba ya nchi jirani, akarudi ziwani tena. Nusu ya mwanzo ya kazi yake aliimaliza mbele ya tanuri. Nusu ya pili aliimaliza bwawani. Dhahabu ikishatolewa yanabaki maji yenye sumu, na lazima apatikane mtu wa kuyatibu kabla hayajafika mtoni. Walimpeleka huko kwa muda tu, mpaka apatikane mwengine, na mwengine hakupatikana mpaka alipostaafu.

"Siku ya kumimina dhahabu wanakuja wakubwa na askari, na picha zinapigwa," aliwahi kuniambia. "Siku ya kulipima bwawa nilikuwa mimi na vyura. Nikiwakuta, nalala. Nisipowakuta, silali."

Nilimuuliza ipi ilikuwa kazi nzuri zaidi.

"Zote ni moja," alisema. "Unatoa kitu ndani ya kitu chengine. Shida ni kwamba ulichokitoa lazima ukiweke mahali."

Kopo lilipogota chini tulikuwa hatuna tena cha kupima. Injinia Turki alisimama akazitazama nambari zake sakafuni, kisha akaifuta bilauri kwa kitambaa. Wakati huo ndipo gari la Bi Ruqaya lilipoingia.

Aliteremka na mkongojo wake, buibui limejaa vumbi la njiani. Nikamkimbilia.

"Shikamoo, Bi Ruqaya."

"Marahaba, Ubwa. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo."

"Mbona mifereji haitoki?"

"Nimeizima pampu, dada," alisema Injinia Turki.

Bi Ruqaya akautazama mstari wa ndoo. "Na watu wote hawa wamekaa. Washa kwanza wateke, Turki. Utapima wakishaondoka."

"Nimekwisha kupima."

"Basi sema umeona nini."

Machano alimletea kiti. Hakukaa.

"Kisima kimeingia bahari," alisema Injinia Turki.

"Vuli haikunya mwaka huu. Kila kaskazi ikiwa kali maji yanageuka kidogo. Masika yakija yanarudi."

"Hayatarudi, pampu ikiwa inavuta namna hii."

"Unataka nini?"

"Pampu itoke. Chini tuzibe kwa udongo na saruji, kisima kiwe kifupi. Kisha tukiache kipumzike, masika mawili, matatu. Ikiwa pamerudi kitu, tutie pampu ya mkono na mfereji mmoja."

"Ikiwa."

"Ikiwa. Siahidi, dada. Na huenda mimi na wewe tusiwepo kuyaona."

Bi Ruqaya aliuegemea mkongojo wake kwa mikono miwili. "Na muda wote huo mama anapata nini?"

Ndoo moja ilianguka kwa upepo, mwenyewe akaisimamisha.

"Wewe miaka yote uliyokaa huko hukumtilia hata mfereji," alisema. Hakupandisha sauti. "Jamaa wa Maskati ambao hawakumwona kwa macho wametia. Leo umerudi, na cha kwanza unachokifanya ni kutoa."

"Ni kweli, sikutia."

"Umetibu maji ya sumu ya watu usiowajua. Ukaniambia mwenyewe kwa simu, ati umetia samaki ndani yake na wakaishi. Maji ya mama yako ndiyo yaliyokushinda?"

Injinia Turki alikuwa anaizungusha bilauri tupu mkononi. "Yale yalikuwa maji yaliyoingia kitu," alisema. "Haya yenyewe ndiyo bahari. Mashine ya kutoa chumvi ipo, mahoteli wanayo. Lakini inakunywa umeme, na chumvi inayoitoa inatoka na maji makali kuliko ya bahari. Nitayatupa wapi? Nikiyamwaga hapa, yanarudi hapa hapa."

"Kila kitu unakijua isipokuwa njia."

"Ndiyo."

Nadhani jibu lile lilimuudhi zaidi kuliko kama angebishana naye. Akamgeukia Machano.

"Na watu wenyewe wanasema maji ni mazuri. Si kila Ijumaa nakupigia simu? Machano, maji vipi?"

Machano aliivua kofia yake, akaitazama ndani. "Alhamdulillahi, Bi Ruqaya."

"Unasikia," alimwambia ndugu yake.

Injinia Turki aliiweka bilauri chini. Aliniita tukasimamisha miguu mitatu ya winchi juu ya kisima, tukafungua kofia ya bomba, na tukaanza kuvuta. Pampu ya namna ile huning'inia chini kabisa kwa mabomba ya chuma yaliyounganishwa moja baada ya jengine, kwa hiyo kulifikia bomba lililozama majini lazima utoe kwanza yaliyo juu yake. Unavuta, unabana kwa kibano ili yaliyobaki yasianguke, unafungua kwa spana, unalaza pembeni, unavuta tena. Bi Ruqaya aliuliza tunafanya nini. Injinia Turki alimwambia anataka kumwonesha bomba.

Mabomba ya juu yalitoka mazima, bado yana rangi yake ya fedha. Lililofuata lilikuwa la kwanza kukaa majini. Nilipoliona nusu yake nilimwita Machano aje kunisaidia kulishika, kwa kuwa niliogopa litakatika. Lilikuwa na magamba mekundu kama gome la mti, na yalipoguswa yalibanduka na kuangukia miguuni mwetu.

Injinia Turki alivaa miwani, akapiga magoti. Akalikwangua bomba kwa kisu, mahali mbalimbali, akalifuta, akaligonga kwa mpini na kusikiliza. Sijamwona mtu akikishika chuma vile, kama tabibu anavyomshika mgonjwa tumboni.

"Mabomba haya yalitiwa lini?" alimuuliza Machano.

"Ilipotiwa pampu ya marehemu Shamsi."

"Yalikuwa mapya?"

"Yakimeta."

"Dada, njoo ulitazame."

Bi Ruqaya akaja. Injinia Turki akamweleza polepole, kidole chake kikipita juu ya chuma. Ngozi ya nje ni zinki, na katika maji matamu inaweza kukaa mpaka aliyeitia akazeeka. Hii imeliwa yote. Ilipokwisha, chuma chenyewe kikaanza kuliwa, na hapa kimetoboka.

"Kaskazi moja haifanyi hivi," alisema. "Wala mbili. Maji haya yana chumvi kwa miaka, dada. Hayakugeuka mwaka huu."

Bi Ruqaya aliyatazama magamba yaliyobaki mikononi mwa ndugu yake. Kisha akamtazama Machano, aliyekuwa bado ameishika kofia. Kisha akawageukia wenye ndoo.

"Maji haya mnayanywa?"

Watu waliangalia chini.

"Nnauliza. Mimi si mgeni hapa. Mama yangu kazaliwa pale."

"Tunafulia, Bi Ruqaya," alisema Bi Wanu mwishowe. "Tunaoshea vyombo."

"Nimeuliza kunywa."

"Mwenye uwezo hununua ya dumu. Asiye nao anakunywa."

"Tokea lini?"

"Tarehe siijui mie. Tokea Sumaiya wangu hajaolewa."

"Na mbona hamkunambia?"

Bi Wanu alisimama kutoka kwenye ndoo yake. Hakuwa na hasira. Alizungumza kama mtu anayemweleza mgonjwa habari ambazo mgonjwa mwenyewe amezitaka.

"Tukwambie vipi? Sadaka ya maiti, tuitie ila? Umetupa bure, umetuandikia na majina ya wazee wako, kila tukija twaanza kwa kuwaombea. Mara ngapi tumekubaliana kuwa safari hii Machano atakwambia. Ijumaa inafika, simu inalia, sote twamtazama Machano, na Machano anasema alhamdulillahi."

"Sikusema uongo," alisema Machano kwa sauti ndogo. "Alhamdulillahi nasema kwa kila hali."

Mtu mmoja alicheka kidogo, akanyamaza.

"Huyo Sumaiya," alisema Bi Ruqaya. "Yuko wapi?"

"Yuko kwangu. Amerudi kujifungulia. Presha iko juu, miguu imemvimba. Kule kituoni wamemwambia aache chumvi, na kaacha. Mchuzi wake hatii hata chembe." Bi Wanu aliitazama ndoo yake. "Anainywa."

Bi Ruqaya alimwambia ampeleke akamwone. Wakaondoka pamoja, yeye na mkongojo wake mbele, Bi Wanu nyuma kidogo, kama wanavyotembea watu wanaokwenda kutoa mkono wa tanzia. Ndoo ya Bi Wanu ilibaki mahali pake na hakuna aliyeipita.

Tulingoja. Adhana ya adhuhuri ikapigwa, watu wakaenda wakarudi. Gari moja la maji lilikuja, na dereva wake, Wakil, akachomoza kichwa dirishani.

"Injinia, kumefungwa?"

"Kumefungwa."

"Mpaka lini?"

"Sijui."

"Basi sie tuuze nini, upepo?"

"Upepo nao sijaupima," alisema Injinia Turki, na Wakil akacheka, akageuza gari. Lakini alipokuwa anaondoka nilimwona ameutazama ukuta wenye majina, midomo yake ikitikisika. Na yeye alikuwa akiwaombea.

Nilikaa nikifikiri nani mwenye makosa, na kila niliyemshika alinitoka mkononi. Machano alifanya alivyoambiwa. Watu walistahi. Walioleta mifereji hawakutaka ila kheri ya wazee wao. Bi Ruqaya aliuliza kila Ijumaa, na alijibiwa. Hata aliyechimba zaidi alikuwa ametumwa na watu waliolilia maiti wao. Nilimuuliza Injinia Turki kama angelijua haya zamani lau angekuwapo hapa.

"Huenda," alisema. "Au huenda na mimi ningetia mfereji."

Bi Ruqaya aliporudi alikuwa peke yake. Safari hii alikaa kwenye kiti. Injinia Turki akamsogelea, akachuchumaa mbele yake.

"Vipi hali yake?"

"Kanipikia chai," alisema Bi Ruqaya. "Nimemwambia asijisumbue, akainuka. Kiatu hakimwingii, anatembea ameegemea ukuta. Maziwa yalikatika kwa chumvi. Akayachuja, akanitilia kwenye kikombe kizuri, akasimama kunitazama."

"Umeinywa?"

"Yote. Akaniuliza vipi, nikamwambia tamu."

Alisema neno hilo la mwisho huku akimtazama Machano, na Machano akaivaa kofia yake.

Injinia Turki alimngoja. Nilikwisha kumwona akingojea kipimo kitulie, na hivi ndivyo alivyomngoja dada yake, bila ya kumharakisha na bila ya kuondoa macho.

"Gari langu litampeleka hospitali mjini," alisema Bi Ruqaya. "Nshamwambia mama yake, anafunga nguo. Wewe toa, Turki. Toa pampu."

"Tutatoa."

"Na mama?"

"Hilo sikulisoma, dada."

Bi Ruqaya akatikisa kichwa, kama mtu aliyelijua jibu. Machano akapita kwenye mstari kuwaambia watu waondoke, maji hayatoki leo, na akiulizwa kesho, akasema hajui. Baadhi walibeba ndoo zao. Wengine waliziacha pale pale kwenye mstari, wakaondoka mikono mitupu.

Tukarudi kwenye kazi. Kila bomba lililotoka lilikuwa bovu kuliko lililotangulia. Mengine niliyashika kwa mikono miwili kama unavyoshika mkate wenye moto. Wakati gari lilipoondoka na Sumaiya, Bi Ruqaya hakupanda. Alisema litarudi kumchukua. Alikaa kwenye kiti chake akihesabu tasbihi, na kila bomba lilipolazwa chini alilitazama kisha akaendelea.

Karibu na alasiri winchi ilikaza. Nilivuta, mnyororo ukalia, miguu ya winchi ikazama kidogo katika changarawe, na kisima hakikutoa kitu.

"Acha," alisema Injinia Turki.

Akalala kifudifudi, akatia sikio kwenye mdomo wa kisima, akaniambia nitikise bomba. Nikatikisa.

"Pampu imeshikwa," alisema. "Kutu imeota baina yake na ukuta. Imekuwa kama kizibo cha chupa."

"Nivute kidogo kidogo?"

"Ukivuta, bomba litakatika na pampu itabaki chini. Tukiipoteza humo hatutaweza kuziba, na tusipoziba hakitapumzika. Kisima kitakuwa kimekwisha kweli."

Machano alisema anajua mtu mwenye dizeli, tumimine kidogo ilainishe kutu. Yeye alikuwa akifanya hivyo kwenye nati za baiskeli.

"Si ndani ya maji," alisema Injinia Turki.

"Yamekwisha kuharibika, Injinia."

"Hata hivyo."

Tulijaribu kuligonga bomba kwa nyundo ya mbao, polepole, huku winchi imekaza, ili mtikisiko ushuke mpaka chini. Unagonga, unangoja, unakaza mnyororo jino moja, unagonga tena. Mara moja tulidhani imesogea. Injinia Turki alitia alama ya chaki kwenye bomba usawa wa kibano, tukagonga mpaka mkono wangu ukafa ganzi, na alama ilikuwa mahali pake.

Bi Ruqaya aliinuka, akaja kusimama juu yetu.

"Itatoka leo?"

"Leo haitoki, dada."

"Nimekwambia utoe. Nimelisema mbele za watu. Nisilale na kitu hiki kimening'inia nusu ndani, nusu nje."

"Kitalala hivi hivi."

"Vuteni kwa nguvu, basi. Ikikatika, ikatike."

Injinia Turki alijipangusa mikono kwenye suruali yake. Alikuwa amechoka, aliinuka kwa kushika mguu wa winchi, na kwa mara ya kwanza nilimwona mzee.

"Nilikuwa na bwawa moja," alimwambia, "lilinichukua miaka kulitibu. Kila mkubwa mpya akija aliniuliza kwa nini nisimwage dawa yote siku moja. Wewe ukitaka kuvuta, vuta. Winchi hiyo hapo. Mimi sivuti."

Bi Ruqaya aliutazama mnyororo. Alinyoosha mkono, akaushika, na sikuwa na hakika nini atafanya. Ulikuwa umekaza kama ufito wa chuma, hautikisiki. Alikaa ameushika hivyo muda kidogo, kisha akauachia, na kiganja chake kilikuwa na kutu. Hakukipangusa.

"Nawapigia wa Maskati simu usiku," alisema. "Nitawaambia nini?"

"Mwambie kila mmoja ulivyoona."

"Watauliza majina yanakwenda wapi."

"Hilo utawajibu wewe, dada. Mimi nitawajibu wakiuliza habari za bomba."

Gari likarudi. Dereva alisema Sumaiya amelazwa na mama yake yuko naye, zaidi ya hapo hakujua. Bi Ruqaya alipanda, akaacha mlango wazi. Injinia Turki alimwambia atangulie, yeye atarudi nami kwa gari langu. Mlango ukafungwa.

Nilikusanya spana na nyundo nikazitia kwenye gunia. Mabomba yaliyotoka tuliyapanga kando ya ukuta, mazuri upande mmoja na mabovu upande mwengine. Mdomo wa kisima tuliufunika kwa ubao uliokatwa kulizunguka bomba, juu yake turubai, juu yake mawe, vyura na mchanga visiingie. Machano alisema atalala hapo hapo chini ya tangi, na hakuna aliyemkataza.

"Kesho njoo na spana ndefu," aliniambia Injinia Turki, "na kibano cha pili. Hiki sikiamini."

"Nije wakati gani?"

"Mapema. Kabla watu hawajaja na ndoo."

Nikamwambia watu watakuja tu. Alikuwa amepiga magoti tena, ameinua pembe ya turubai, anaikaza nati ya kibano robo ya mzunguko, anaiacha, anaikaza tena.